Ufagio wa Raya

Gari la kukodi lilikuwa linanguruma na begi limeshapakiwa, ila Badi bado alisimama barazani akichezea vifungo vya koti. Mji mzima uliipa kampuni yake akiba izizalishe, naye akazimaliza zote, pamoja na nyumba ya mama mkwe aliyoiweka rehani. Sasa alitaka neno moja tu la mkewe: kwamba mambo yakipoa, arudi.

"Raya, mke wangu, niage basi."

"Nenda, Badi. Dereva ana watoto wa kulisha, hana siku nzima ya kukungoja wewe."

Akashuka ngazi. Kabla hajafika getini akasikia kwaru, kwaru. Kugeuka, Raya, ambaye miaka ishirini hakushika ufagio, alikuwa akifagia nyayo za mumewe taratibu. Na kwao hata mtoto anajua: msafiri hafagiliwi nyuma siku aliyoondoka, asije akapotea njia ya kurudi.

"Raya! Ngoja basi hata nipite geti!"

"Vumbi lako hilo. Sitaki kulala nalo."

Badi alifia ugenini. Mama yake Raya alifia katika chumba cha kupanga. Raya anauza vitumbua sokoni, na kila asubuhi, kabla hajawasha moto, hufagia kuanzia kibandani mpaka katikati ya barabara.