Mashine Iliyomuua Ishaq

Mansur aliingia na mashine iliyomuua babake, imefungwa kwa taulo, akaiweka juu ya mkeka. Mamake, Bushra, akavuta miguu nyuma.

"Itoe," akasema. "Kaitupe mtoni."

Kilikuwa kijisanduku tu cha plastiki, chenye vitufe na kioo cheusi. Kazi yake ilikuwa kushika usukani wa boti ya matanga nahodha akitaka kulala. Ishaq aliachiwa boti hiyo na tajiri wake, Mzungu aliyerudi kwao, na miaka yote aliyoiendesha peke yake baina ya Kipini na Lamu, mashine ndiyo iliyompa usingizi. Aliisifu mpaka Bushra akawa anamtania kwamba ameoa mke wa pili wa plastiki.

Safari ya mwisho Bushra aliiota vibaya, akamwomba mumewe asiende. Ishaq alicheka, akaenda. Alipokuwa amelala fofofo, usukani ulitoka njiani ukampeleka kwenye miamba. Boti ikapasuka ubavu, maji yakasomba kila kilichokuwa chumbani, godoro, nguo na mwenyewe. Mwili wake uliletwa na wavuvi.

Bushra alikuwa ametoka eda juzi tu. Aliichukia mashine ile, na kusema kweli chuki hiyo ndiyo iliyomsimamisha wakati wote wa msiba.

Sasa Mansur, kijana mwenye ndevu zake, alikuwa ameiziba boti na anataka kuendeleza kazi ya babake. Bushra alilia, akasusa na chakula, lakini mwana alishikilia lake. Lililobaki kuamuliwa ni moja: watengeneze mashine ya zamani, au watafute mpya.

"Utalala mbele ya kitu kilichomzamisha babako?" Bushra akauliza.

"Fundi aione kwanza, mama. Akisema mbovu, naitupa mwenyewe, mbele ya macho yako."

Bushra akakubali, maana jibu alikuwa nalo tayari.

Fundi alikuwa Philemon, Mpokomo wa Garsen, mtu wa redio na sola. Aliifunga mashine mahali pake, wakatoka na boti mpaka nje ya mdomo wa mto. Bushra alibaki nyumbani akishona foronya ya godoro jipya. Akiwa hana nguvu za kumzuia mwanawe, angalau atamtandikia mwenyewe.

Waliporudi, alijitwika godoro, akapanda botini kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akawapita wanaume wakikunja matanga, akashuka chumbani. Alitandika taratibu huku machozi yakimtoka, maana kitanda kilikuwa kile kile na harufu ya chumvi ile ile. Alipomaliza, aliketi ukingoni akingoja kusikia mashine ikihukumiwa.

Philemon alishuka ngazi, Mansur nyuma yake.

"Mama Mansur, pole sana. Hii mashine haina shida. Tumeenda nayo mbali, imeshika njia sawasawa. Si ya kutengeneza, si ya kubadilisha."

Bushra alimtazama kana kwamba amemtukana. "Basi mume wangu kauawa na nani?"

Philemon akagonga ubao chini ya kitanda. "Dira yake iko hapa ndani. Hiyo ndiyo inaambia mashine iende wapi. Na dira haitaki chuma karibu. Hata kisu kinaidanganya, boti inapinda pole pole, mtu hajui. Pengine mzee aliweka kitu hapa, akasahau."

"Baba?" Mansur akadakia kwa ukali. "Baba hata msumari hakuuacha hapa. Mimi alinizaba kofi kwa ajili ya spana."

"Mbona mimi hakuniambia?" Bushra akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Akwambie ya nini, mama? Wewe huendi baharini."

Philemon akasema basi, huenda ni mkondo wa maji, huenda ni siku yake ilifika, Mungu ndiye ajuaye. Wanaume wakapanda juu kufunga kamba. Mansur alikuwa akipiga mluzi. Alikuwa amepata mashine yake bila kugombana na mtu.

Bushra alipiga magoti kando ya kitanda. Akatia mkono chini ya godoro jipya, akachomoa panga alilokuwa amelificha pale muda mfupi uliopita, chuma cha kufukuza mashetani kwa mtu alalaye peke yake, kama alivyofunzwa na mamake. La kwanza alimwekea Ishaq, kwa siri, asubuhi ya safari ile aliyoiota vibaya.