Bahasha Thelathini na Nane

Fundi wa maabara aliichukua michoro thelathini na nane ya karibuni iliyotolewa na mashine ya kupimia mafuta ya miti, akaipanga mmoja juu ya mwingine, akaiinua yote kwenye mwanga wa dirisha. Mstari ulikaa juu ya mstari. Haikuachana hata kwa unywele.

Miti haifanani hivyo. Hata ikiwa ya mama mmoja, ukichemsha majani yake na kukinga mafuta, huu utazidi kidogo hapa na ule utapungukiwa kidogo pale. Kazi nzima ya Profesa ilisimama juu ya vidogo hivyo. Alidai kwamba mierezi ya mlimani si aina moja bali mbili, zinazofanana gome, majani, mpaka mbegu, na kwamba mafuta peke yake ndiyo yatakayozitenganisha. Kwa hiyo kila Alhamisi mchumaji wa majani, ambaye wote walimwita Mzee Mkasi, alitumwa kupanda mlima, kila wiki upande mwingine. Na kila Ijumaa asubuhi bahasha yake ililetwa kwa fundi, imeandikwa tarehe, urefu wa mti na mahali ulipoota, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka.

Bahasha thelathini na nane, na mti ulikuwa mmoja.

Fundi hakukasirika. Kukasirika kulimtoka siku nyingi. Wenzake walimwita Bi Barafu akishawapa kisogo. Alijua, wala hakujali. Hakuwahi kuomba likizo, wala ruhusa ya harusi au msiba. Kaka yake alipopiga simu, aliiacha iite mpaka ichoke, kisha akaendelea kuosha chupa. Miaka ilipita hivyo, na hakuna mahali palipouma.

Alimpelekea Profesa ile michoro. Profesa aliitazama, akavua miwani, akauliza kama mashine haikukosea. Alijibiwa kwamba imepimwa mara tatu. Akasema, kama anayejisemea, kwamba mzee amebakiza miezi minne tu astaafu.

"Nenda kashuhudie kwa macho yako," alisema mwishowe. "Sitaki kumfukuza mtu kwa karatasi."

Alhamisi fundi alipanda basi lile lile alilopanda Mzee Mkasi, akakaa siti ya nyuma, kofia imeshuka usoni. Mzee Mkasi aliteremka kituo cha mwisho, chini ya mlima. Njia ya kupandia ilikuwa kushoto. Yeye alikata kulia, akanunua mkate mdogo laini dukani, akaingia kwenye geti la nyumba ndefu iliyopakwa chokaa. Kibao kilisema ni makao ya wazee.

Fundi alisubiri kidogo, kisha akamwambia mlinzi kwamba yuko pamoja na yule aliyeingia sasa hivi. Mlinzi alifungua bila maswali. Akasema afadhali, maana mzee wa watu huja peke yake kila wiki, jua liwake, mvua inyeshe.

Uani palikuwa na mwerezi mmoja tu. Mzee Mkasi alikuwa amekaa kwenye benchi, na kando yake, kwenye kiti cha magurudumu, bibi aliyefunikwa blanketi la kijivu mpaka kichwani. Wote wawili walimpa fundi mgongo. Mzee alikuwa anaumega mkate na kumwekea bibi kiganjani, kipande kimoja kimoja. Kisha akainuka, akakata kitawi cha mwerezi, akakitia kwenye bahasha, akaanza kuandika juu ya goti.

Kumbe ana mgonjwa wake, fundi aliwaza. Ingekuwa ni ulevi angejua la kuandika kwenye ripoti.

"Ni mkeo?" aliuliza.

Mzee aligeuka, kalamu ikamponyoka. Hakuificha bahasha. Alijibu kwamba mkewe alikufa zamani, na kwamba na bibi huyu hawana hata udugu wa mbali.

Akamweleza kwa sauti ya chini. Mwaka jana mvua ilimkamata njiani, akajikinga humu. Mlezi mmoja alisoma kwa sauti jina la chuo lililoandikwa kwenye koti lake la kazi. Bibi, ambaye macho yake hayaoni tena, akalisikia, akamshika mkono wa koti, akamtajia jina la mwanawe anayefanya kazi huko, akamuuliza kama anamfahamu, na kama ni mzima. Mzee akajibu kwamba ni mzima na anamsalimu sana. Alidhani yameishia hapo. Wiki iliyofuata alishuka mlimani akakuta geti limefungwa, maana hufungwa saa tisa, akaambiwa bibi amekaa ameelekezea sikio mlangoni tangu asubuhi na chakula amekikataa. Alhamisi iliyofuata hakupanda tena.

"Nimekosa, fundi. Andika ripoti yako, sitabisha," alisema. "Lakini mwanawe hajamtuma mtu hata siku moja. Ikabidi nijitume."

Fundi alikuwa amesimama, mikono mifukoni. Aliuliza kwa nini hakumwambia mhusika mwenyewe.

"Kila Ijumaa nataka kumwambia. Maneno yananikaukia mdomoni. Hana mlango wa kubishia hodi, yule."

"Nitajie idara yake," fundi alisema. "Kesho nitamwambia mimi."

Mzee Mkasi alimtazama, akamtazama tena. Kisha akachuchumaa kando ya kile kiti, akalisogeza blanketi kidogo, akapeleka mdomo karibu na sikio la bibi.

"Mama," alisema, "leo sikuleta salamu zake. Amekuja mwenyewe."