Mjumbe wa Nane

"Tia sahihi tu, Dokta," mkuu wa chuo alimwambia Dokta Tunu, akimsogezea muhtasari wa kikao cha seneti ambacho hakikuwahi kufanyika. "Wakaguzi wako ukumbini. Wasipouona, chuo kinafungwa."

Tunu alisoma orodha ya waliohudhuria. Wa nane alikuwa Profesa Kisamo, waliyemzika mwezi wa tatu.

"Mmemfufua lini?"

"Usituharibie. Nani atajua?"

Hasira zikampanda. Aliiacha kalamu mezani, akauchukua muhtasari, akakishika kiti cha marehemu kilichokuwa bado chumbani humo, kile chenye mto wa kijani alioushona mkewe, akakiburuta hadi ukumbini, mbele ya wakaguzi.

"Mjumbe wa nane huyu hapa," alisema, akiuweka muhtasari juu ya mto. "Tulimzika mwezi wa tatu. Muulizeni alisema nini kikaoni."

Mkaguzi mkuu alikitazama kiti, kisha akafungua kalamu.