Mlango wa Clementi

Jiwe la kwanza lilimpata Clementi begani. La pili liligonga ubao nyuma yake. La tatu likampasua juu ya jicho, damu ikamwagikia shati, na bado hakuondoka. Waliokuwa wanarusha ni vijana wa kijiji chake mwenyewe.

Ubao huo ulikuwa mlango wa ghala lake la pamba. Aliung'oa kwenye bawaba akausimamisha kwa nguzo mbili shambani kwake, pale miamba miwili ya kilima inapobanana. Hapo ndipo njia pekee inapopita kutoka Nyabeho, kijiji chake, kushuka kijiji cha Kirumbe. Upande unaotazama Nyabeho aliandika kwa rangi ya buluu: HILI NI SHAMBA LANGU. ASIPITE MTU NA PANGA.

Nyabeho na Kirumbe walikuwa wakiuana kwa ajili ya malisho. Wawili huku, watatu kule. Wa mwisho kuzikwa alikuwa Isaya, mtoto wa kaka yake Clementi. Ndiyo maana ule mlango uliwachoma watu rohoni. Mtu amefiwa na mtoto wa ukoo wake, halafu anawazuia wanaokwenda kulipiza.

Mkutano wa kijiji uliitishwa, ukageuka soko. Mwenyekiti alisema mtu kwake anaandika anachotaka. Wapo walioandika "mbwa mkali" na hata paka hawana. Euphrasia, muuza dagaa, akamjibu kwamba ukiwasha jiko uani kwako na moshi ukaingia kwa jirani, hayo si mambo ya uani kwako tena. Makoye, mdogo wake Isaya, alitaka kujua kwa nini mlango unawakataza Nyabeho tu. Clementi alikuwa mtu wa kesi. Aliwahi kumburuza jirani mpaka mahakamani Bunda kwa sababu ya kuku mmoja, na siku zote maneno anayo. Siku ile alisema machache.

"Kila mtu asome upande wake. Shamba ni langu, na hati ninayo."

Wakamzomea. Wakakumbushana kwamba binti yake, Dorah, ameolewa Kirumbe, na kwamba siku mlango uliposimamishwa alionekana akishuka bondeni na kopo la rangi iliyobaki. Eti anakwenda kupaka dirisha lake. Kaburi la Isaya halijaota hata jani, yeye anapamba nyumba.

Siku kumi na moja zikapita bila mtu wa Kirumbe kuvuka. Makoye alitamba kila kilabu cha pombe kwamba wanamwogopa. Siku ya kumi na mbili, asubuhi kweupe, alipanda kilimani na vijana thelathini wenye mapanga, marungu na mishale. Tangu mlango usimame, hakuna mtu wa Nyabeho aliyewahi kupita nyuma yake. Huko ni mteremko mtupu, na mshale wa Kirumbe unafika.

Ndipo mawe yalipoanza. Yalipokwisha, Makoye alisogea mbele, machozi yanamtoka.

"Baba mdogo, toka hapo. Isaya alikuwaga anakupalilia pamba hapa hapa."

Clementi alifuta damu jichoni. "Zunguka kwanza, mwanangu. Zunguka peke yako, uone."

"Nizunguke wanichome mshale? Ndivyo mlivyopanga na mkweo?"

Clementi alikumbatia nguzo. Kijana mmoja akamvuta miguu, mwingine akamshushia rungu mgongoni mpaka mfupa ukalia, lakini hakuachia. Makoye akainua panga aikate nguzo. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba aliilenga nguzo kweli. Pigo la kwanza liliingia kwenye mti mpaka katikati. La pili liliingia shingoni mwa baba yake mdogo. Nguzo ikakatika, mlango ukaenda chali, na Clementi akaanguka juu yake.

Ukimwaga damu ya ukoo wako, huendi vitani mpaka utakaswe. Kila kijana pale alilijua hilo tangu utotoni. Vita yao ya siku ile ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Walimnyoosha Clementi juu ya mlango wake, yale maandishi ya buluu yakilowa chini ya mgongo wake, wakambeba mabegani kumrudisha nyumbani. Makoye alifuata nyuma, mikono mitupu.

Tabitha, mke wa marehemu, hakupiga kelele. Aliwaomba wamhamishie mume wake kwenye mkeka. Kisha akasema mlango ugeuzwe, kuku wasije wakadonoa damu ya Baba Dorah. Makoye ndiye aliyeinama akaugeuza.

Upande wa pili ulikuwa umejaa alama za vidole gumba, za buluu, na kila alama na jina lake. Nyingine zilikuwa ndogo, za wavulana ambao hawajaota hata ndevu. Juu yake kulikuwa na mwandiko wa Dorah:

SISI VIJANA WA KIRUMBE. HUU MLANGO UKISIMAMA HATUVUKI. WAZEE WETU WASIAMBIWE. SIKU UKIANGUKA TUTAJUA MNAKUJA.

Makoye aliinua macho kilimani. Kati ya ile miamba miwili palikuwa peupe. Kisha pakawa na watu.