Magurudumu ya Nyuma

Tangu linunuliwe, gari la marehemu Mzee Shekue lilivutwa na magurudumu ya mbele. Binti yake, Mbonea, alilikata sakafu, akafunga injini ya pikapu na kupitisha shafti, chuma cha kuzungusha magurudumu, hadi nyuma. Sasa lilikuwa limepandishwa juu ya magogo, na mafundi wenzake walichuchumaa kwenye magurudumu ya mbele, kwa mazoea.

Mbonea akawasha, akaingiza gia. Magurudumu ya mbele hayakutikisika.

“Umeliua gari la baba yako,” mama yake, aliyesimama kando, akasema taratibu.

“Mama, tazama nyuma.”

Kule nyuma magurudumu yalizunguka hewani kwa kasi, nati zake zikawa duara moja la mwanga.

Mama akafungua mlango wa kushoto, akapanda kwenye kiti chake cha siku zote.

“Lishusheni,” akasema.

Hakuna fundi aliyesogea. Wote walikuwa wangali wakitazama nyuma.