Ruhusa ya Kumbusu Mama

Kilomita kumi na mbili kabla ya njia ya mawe kuanza, Firmin Escaffre aliinua mkono mmoja, na waendesha baiskeli mia moja na hamsini wakapunguza mwendo. Hakuna aliyeuliza sababu. Mwenye jezi ya kiongozi akitaka watu waende polepole, watu huenda polepole.

Firmin alikuwa mtu wa milimani, kusini kabisa, kilo hamsini na sita pamoja na majivuno. Kwa siku nane alikuwa amewapandisha wenzake milima mpaka wengine wakatapika. Sasa mbio zilikuwa zimeingia kaskazini, kwenye mashamba ya viazi na vile vijia vya mawe vilivyopangwa na mababu ambao, kwa maoni yake, walikuwa walevi.

Kwa jumla ya muda wa siku zote, alimzidi Ammann, Mswisi aliyeshika nafasi ya pili, kwa sekunde arobaini na nane tu. Kwenye lami zilimtosha. Kwenye mawe mtu mwepesi hurushwa kama punje kwenye ungo, mikono hufa ganzi, tairi hupasuka, na mshindani wako hasimami kukupa pole. Firmin alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba njia zile zinafaa ng'ombe. Ukweli ni kwamba alikuwa anaziogopa.

"Bosi," sauti ikamwita ubavuni.

Ilikuwa ya Augustin Vanhoutte, msaidizi wake wa miaka sita, jitu la kaskazini lenye viganja vya mchimba mitaro. Kazi yake ilikuwa kubeba maji, kumkinga bosi na upepo, na bosi akipata pancha, kuchomoa gurudumu lake mwenyewe ampe, kisha abaki kando ya njia akisubiri gari la timu.

"Sema."

"Kijiji kinachofuata ni kwetu. Mama atakuwa getini, pale pale mawe yanapoanzia. Naomba nitangulie."

Hilo halikuwa ombi geni. Mbio zikipita kwa kina fulani, mtoto wa pale huachiwa aende mbele, ashuke, abusiwe na ukoo mzima, alishwe kipande cha keki, na kundi likifika arudi kazini. Kumnyima mtu ruhusa hiyo ni ushenzi.

Firmin aliitazama baiskeli ya mwenzake. Usukani ulikuwa umeviringishwa utepe mara mbili, na matairi yalikuwa manene kama soseji.

"Unakwenda kwa mama au vitani?"

"Mawe ya kwetu hayana adabu, bosi."

"Haya nenda, mtoto wa mama. Mwambie akupanguse makamasi pia. Wa tisa katika mbio nzima, dakika mbili tu nyuma yangu! Ana haki ya kujivuna kidogo."

Kundi likaangua kicheko. Hata Ammann, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alionyesha meno. Augustin alisema asante, akainama juu ya usukani, akaenda zake. Mtu wa pikipiki, ambaye kazi yake ni kuandika ubaoni muda wa aliye mbele, hakujisumbua hata kutoa chaki. Mtu anakwenda kubusiwa, utampimia muda wa nini?

"Taratibu, jamani!" Firmin alipaza sauti. "Mama wa kaskazini habusu mara moja!"

Alikuwa mkarimu ajabu siku ile. Kila dakika ya ukarimu ilimsogezea mawe mbali kidogo. Watu walikula, wakajisaidia kwenye ua wa mashamba, wakasimuliana habari za wake zao.

Kisha kijiji kikafika, na hakuna aliyekumbuka tena adabu. Wote walitaka kuingia mbele kwenye kile kijia chembamba. Firmin alipanda jiwe la kwanza, la pili, la tatu. La kumi hivi lilimkataa. Gurudumu la mbele lilijikunja, naye akatua mtaroni kwa makalio, jezi ya kiongozi ikanywa tope. Ammann alimpita bila hata kukohoa. Gari la timu lilikuwa huko nyuma, limekwama nyuma ya wengine wote.

Firmin alitaka kulia. Sekunde arobaini na nane, na kila moja aliihisi ikimtoka mwilini. Ndipo alipoinua macho akaona geti, na ubavuni mwake sanduku la barua limeandikwa Vanhoutte. Akacheka kwa sauti. Angeanguka wapi pengine penye bahati kama hapa?

"Augustin!" aliita. "Acha keki, leta gurudumu!"

Mama mnene mwenye aproni akaja getini, majirani wameshika bia nyuma yake.

"Unamwita nani, baba?"

"Mwanao. Kubusiana kumetosha, mama. Nataka gurudumu lake, haraka!"

Mama akamtazama, bila haraka yoyote.

"Mwaka juzi ulilichukua hapo hapo ulipokaa. Nami nilikuwa hapa, na majirani hawa hawa. Mwanangu akasimama mbele ya nyumba yetu na baiskeli ya gurudumu moja, nyie wote mnampita. Hata asante hukusema."

"Nitasema leo! Yuko wapi?"

"Amepita zamani," mama alisema, akaanza kufunga geti. "Asubuhi nilimpigia simu hotelini. Nikamwambia, ukithubutu kusimama kunibusu, usikanyage tena hapa kwangu."