Kibanda Juu ya Kalavati

Esteria alisimamisha nguzo ya tatu juu ya kalavati lenyewe, pale pale zege lilipopasuka, na mumewe akajua sasa mambo yameharibika.

"Mama Nelly," Gideoni alisema, "mwenyekiti wa mtaa huu ni nani?"

"Wewe."

"Na anayewakataza watu kujenga kando ya barabara kuu ni nani?"

"Wewe. Nishikie hili banzi."

Akalishika. Angefanyaje? Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya viazi, na malori ya mbao kutoka Njombe yalipita yakielekea Makambako, madereva wakipiga honi kumsalimu mwenyekiti anayevunja sheria mchana kweupe.

Kalavati hilo lilikuwa pale njia ya zahanati inapochepuka kutoka kwenye lami. Upande mmoja ulikuwa umetitia, ukaacha shimo la kumeza gurudumu zima. Mwezi Machi, bodaboda iliyombeba Lightness, mwenye uchungu wa kuzaa, ilitumbukia humo. Mtoto alizaliwa salama, pembeni ya barabara, chini ya miavuli ya wapita njia, na mpaka leo wanakwaya wenzake Esteria wanamwita Kalavati. Walicheka, lakini mvua nyingine zilikuwa zinakuja mwezi ujao, na wajawazito mtaani walikuwa watano.

Gideoni alikuwa ameandika barua nne. Ofisi ya barabara kuu ilijibu kwamba njia ya zahanati ni ya halmashauri, basi na kalavati lake pia. Halmashauri ikajibu kwamba kalavati limo ndani ya eneo la barabara kuu, hawaligusi. Alipokwenda mwenyewe, kila ofisi ilimpa kiti, ikampa pole, ikamwelekeza kwa mwenzake. Wananchi walipotaka kuliziba kwa nguvu zao, wakaambiwa ni kosa kuchezea miundombinu bila kibali.

"Kibali anatoa nani?" Gideoni aliuliza.

"Mwenye kalavati."

Siku hiyo alirudi nyumbani, akazibana nakala za barua zote ndani ya kitabu chake cha nyimbo, asizitaje tena. Esteria alizisoma mara moja tu, akazirudisha, akasema anataka kuanza biashara ya parachichi.

Kibanda kilikamilika saa tano. Kilikuwa cha kutia aibu: mabanzi yenye magome, misumari ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo, hakina mlango wala rafu. Rangi tu ndiyo haikufanyiwa ubahili. Esteria alikipaka njano kali, ambayo hata dereva anayesinzia angeiona kutoka mlimani. Kisha akapanga bidhaa zake mezani: parachichi tatu.

"Tatu?" Letisia, aliyekuwa akipita na ndoo ya viazi kichwani, alicheka mpaka akaitua. "Mama Mwenyekiti, akija mteja mwenye njaa si utafunga duka?"

"Nitafunga tu."

"Na hao watu wa barabara? Jumanne ndiyo siku yao ya kukagua."

"Leo ni Jumanne," Esteria alisema, akifuta parachichi moja kwa pindo la kitenge.

Saa saba gari jeupe likasimama. Akashuka Rodrick, fundi sanifu wa ofisi ya barabara kuu, kijana mwenye kizibao cha njano kilichofanana kabisa na kibanda.

"Kamwene, Mwenyekiti," alisalimu. "Hiki ni cha nani?"

Gideoni alitazama viatu vyake. "Cha mke wangu."

"Wako wewe? Mwenyekiti?"

"Mwanangu, usimwonee mume wangu," Esteria aliingilia. "Hapa si penu. Ni pa halmashauri, kila mtu anajua."

"Nani kakudanganya, mama? Kutoka katikati ya lami, mita thelathini kila upande, ni petu."

"Mpaka kwenye kalavati?"

"Kalavati, mtaro, mpaka kwenye ule mkaratusi kule."

"Hayo ni maneno. Mimi siondoki kwa maneno."

Rodrick alivuta pumzi, akafungua utepe, akapima. Mita tisa. Akaleta kopo la rangi, akachora X nyekundu juu ya njano ile mbichi, ikachuruzika mpaka chini. Kisha akatoa kitabu cha notisi: kibomolewe ndani ya siku saba.

"Andika na mahali kilipo," Esteria alisema. "Yasije yakasemwa mengine."

Rodrick akaandika, akisoma kwa sauti kama mwalimu anayetoa imla: "Juu ya kalavati la njia ya zahanati, ambalo ni mali ya ofisi yetu."

"Na muhuri?"

"Muhuri uko garini, mama."

"Nitasubiri."

Gideoni alishindwa kumtazama. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kumwona mkewe akisimama mbele ya mtu namna ile, mikono imekunjwa tumboni, macho chini, akisubiri kuhukumiwa. Hata hasira yake ya asubuhi ikamwisha. Muhuri ulipogongwa, Esteria aliupuliza ukauke, akamshukuru kijana kwa mikono miwili.

Gari likaondoka. Gideoni alitafuta neno la kumfariji.

"Mama Nelly, usiumie. Kesho nakwenda mwenyewe kuwaomba waongeze siku."

Esteria alikuwa ameshang'oa banzi la kwanza, la pili likifuata, huku akiimba sauti ya tatu ya wimbo wa Jumapili. Alipofika kwenye meza, alimpa mumewe parachichi moja, na juu yake ile notisi.

"Ibane pamoja na zile barua zako nne, uwapelekee wenye kalavati," alisema. "Mimi duka nimefunga."